Nakimbia kilomita 10, lakini mita 20 za maji zinanimaliza

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 34, mzaliwa wa Lushoto, sasa nafanya kazi Tanga mjini. Nakimbia kilomita 10 bila taabu, na kila Jumamosi naendesha baiskeli kuelekea Muheza. Wenzangu wamenishawishi tuingie triathloni fupi: kuogelea mita 750 baharini, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Zimebaki wiki 14. Tatizo langu ni maji. Kwenye bwawa la hoteli nikifika mita 20 nahema kama niliyepanda mlima, miguu inazama, maji yananiingia puani. Nilipokuwa na miaka 9 nusura nizame mtoni, na hadi leo uso ukifunikwa na maji moyo unanienda mbio. Video zinasema nivute hewa kila baada ya kupiga mikono mitatu na nipige miguu kwa nguvu. Nimefanya hivyo, hali imezidi. Mwenzangu mmoja ananiambia niende Raskazone nijitupe tu baharini, nitazoea. Siku ya kuogelea naamka na uzito moyoni. Je, mtu anaweza kuyapenda maji ukubwani, au nivumilie tu mpaka mashindano yapite? Pia naogelea na nguo za kujisitiri. Zitanizuia?"

Marahaba, dada. Nianze na lile linalokuumiza zaidi, ambalo naona si mita 750. Unauliza kama maji yanaweza kupendwa ukubwani. Yanaweza, na watu wanaoanza na miaka 40 au 50 huyapenda vilevile. Ila hayapendwi kwa kuvumilia. Mtu anayekosa hewa kila anapoingia bwawani hawezi kulipenda bwawa hata ajihimize vipi, kwa sababu mwili wake unahesabu kila zoezi kama hatari aliyoponea. Ukitatua suala la hewa, uzito ule wa asubuhi utaanza kupungua wenyewe. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye pumzi, na mambo ya kasi na umbali nitayapitia haraka.

Ondoa kwanza wazo kwamba pumzi yako haitoshi. Anayekimbia kilomita 10 ana moyo na mapafu ya kutosha kuogelea mita 750 na kubakiza. Kukimbia zaidi hakutakusaidia majini, na wala usiongeze umbali bwawani kwa sasa.

Kinachotokea ni hiki. Ile hamu kali ya kuvuta hewa hailetwi hasa na upungufu wa oksijeni. Huletwa na hewa ya ukaa inayolundikana katika damu, na dawa yake ni kutoa pumzi. Ukikimbia, kutoa na kuvuta hujiendesha bila wewe kufikiri. Ukiweka uso majini, kila mwenye hofu hufanya jambo moja: anabana pumzi. Kisha anapogeuza kichwa ana muda mfupi mno, kama sekunde moja, wa kufanya kazi mbili, yaani kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya. Muda hautoshi. Anatoa kidogo, anavuta kidogo juu ya mapafu ambayo tayari yamejaa, anarudi majini. Baada ya mikono minane au kumi kifua kimejaa hewa iliyokwisha kutumika na ubongo unapiga king'ora. Hapo ndipo unaposimama ukihema katika mita ya 20. Ulikuwa na hewa tele kifuani, ila ilikuwa chafu na haikuwa na njia ya kutoka.

Ushauri wa mikono mitatu ni mzuri kwa aliyekwisha tulia, kwa kuwa humfunza kuvuta hewa pande zote mbili. Kwako wewe unarefusha muda wa kubana pumzi kwa nusu nzima. Vuta hewa kila baada ya mikono miwili, upande uleule unaokujia kwa urahisi. Waogeleaji wengi wa mashindano marefu hufanya hivyo hadi mwisho.

Sasa miguu. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, hivyo kila kinachoning'inia chini ya mstari wa mwili ni breki. Mwili wako una boya moja kubwa, mapafu, nalo liko kifuani. Uzito uko nyongani na mapajani, na mapaja ya mkimbiaji ni misuli mitupu isiyopenda kuelea. Ukiinua kichwa kutazama mbele, kile kichwa chenye kilo 4 au 5 hakibebwi tena na maji, na papo hapo nyonga zinashuka, kama mzani unavyoinuka huku ukiinama kule. Kisha unajaribu kuziokoa kwa kupiga miguu kwa nguvu. Misuli ya mapaja ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini na ndiyo mlaji mkubwa wa oksijeni. Zaidi ya hapo, anayetoka kwenye mbio na baiskeli hupiga teke kwa kukunja goti, na vifundo vyake vya miguu vimekakamaa kama vya mtu anayetaka kukanyaga ardhi, kwa hiyo teke linasukuma maji mahali pasipotakiwa. Unachoka, huendi, na king'ora kinalia mapema zaidi.

Kwa hiyo kichwa kilale, macho yatazame sakafu ya bwawa chini yako au mbele kidogo tu. Teke litoke kwenye nyonga, dogo, jembamba, vidole vya miguu vimenyooka nyuma na kifundo kimelegea. Teke moja la taratibu kwa kila mkono linatosha. Kazi ya miguu kwako ni kukaa nyuma ya mwili bila kuvuruga. Baiskeli na mbio zitaihitaji baadaye.

Na la kujitupa Raskazone? Usifanye. Najua wengi wa pwani wamejifunza wakiwa watoto kwa kusukumwa kutoka gatini, na waliobaki hai ndio wanaosimulia. Mtu aliyenusurika kuzama akiwa na miaka 9 akirushwa kwenye kina, mwili wake haujifunzi kuogelea. Unajifunza kwamba hofu yake ilikuwa sahihi. Pia anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake unazama na kuibuka, hana nafasi ya kuita, na aliye mita kumi anaweza kudhani anacheza. Mwenzako anakutakia mema, ila kwa hili usimsikilize.

Tuingie bwawani. Chagua sehemu ambayo maji yanakufika kifuani, na awepo mtu anayejua kuogelea ambaye kazi yake ni kukutazama wewe, simu ameiweka mbali. Wiki tatu za kwanza usihesabu mita hata moja. Njoo mara tatu au nne kwa wiki, dakika 30 kila mara. Dakika 30 mara tatu zinafunza zaidi ya saa mbili za Jumapili, kwa kuwa mwili unaoogopa hujifunza kwa kurudiarudia bila kuchoshwa. Toka majini ungali umetulia. Kipindi kikiishia kwenye taharuki, ndicho kitakachokumbukwa asubuhi inayofuata.

Zoezi la kwanza: shika ukingo, vuta hewa ya kawaida kwa mdomo, usiijaze hadi shingoni. Zamisha uso na uvume kwa pua, mmmm, kama mama anayembembeleza mtoto. Mvumo ule ndio utakaozuia maji kuingia puani, kwa sababu hewa inayotoka haiyapi nafasi. Vuma kwa sekunde nne hivi, malizia kwa kupuliza kwa mdomo, inua uso, vuta kwa ufupi, rudi. Mara 5 kwanza, pumzika, kisha mara 10. Siku utakapofanya mara 20 mfululizo kwa mwendo uleule, bila kuharakisha zile za mwisho, umefaulu, na nakuambia kwa dhati kwamba hilo ni kubwa kuliko mita 100 za kupapatika. Ukiona unaharakisha, sababu karibu kila mara ni kwamba hutoi hewa yote. Sikiliza mapovu: yakikatika, umebana.

Angalizo moja hapa. Usiheme haraka haraka ili "kujaza" mapafu kisha uzame na kubana pumzi kwa muda mrefu, wala usishindane na mtu nani atakaa chini zaidi. Kuhema vile huondoa hewa ya ukaa, king'ora kinazimika, na mtu anaweza kupoteza fahamu chini ya maji bila onyo lolote, hata kwenye kina kifupi.

Zoezi la pili ni la kujionea kwa macho yako. Vuta hewa, jikunje, kumbatia magoti, uso majini. Utaelea mgongo ukiwa juu kama kobe. Rudia, safari hii ukipuliza hewa yote nje: utashuka polepole. Fanya mara kadhaa hadi uone ni wewe unayeamua kuelea au kushuka. Aliyenusurika kuzama anaamini maji yanavuta watu. Hapa anagundua kwamba maji yanamsukuma juu na inabidi afanye kazi ili ashuke.

Kabla ya kwenda mbele, jifunze kusimama. Naona ajabu jinsi somo hili linavyorukwa, ilhali nusu ya hofu ya wanaoanza ni kutojua watasimamaje wakiwa wamelala kifudifudi. Ukiwa umelala juu ya maji, vuta magoti kuelekea kifuani, sukuma maji chini kwa viganja vyote viwili, acha nyonga zishuke, kanyaga, na kichwa kiwe cha mwisho kuinuka. Anayeanza na kichwa miguu yake hubaki nyuma na anajikuta anatapatapa kwenye maji ya kiunoni. Lirudie mara 15 hadi likuchoshe.

Kisha kuelea chali. Masikio yazame kabisa, kidevu kielekee juu, kifua na tumbo viinuke, mikono ipanuke juu ya kichwa ili isawazishe uzito wa miguu. Miguu ikizama kidogo haidhuru, ilimradi mdomo uko hewani. Lengo ni dakika moja bila msaada, halafu mbili. Baharini utaelea kwa urahisi zaidi kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi, kilo 1,025 hivi kwa kila mita ya ujazo dhidi ya 1,000. Kuelea chali ndiko kutakakokuwa mahali pako pa kukimbilia siku zote. Anayejua kwamba wakati wowote anaweza kugeuka na kupata hewa hana sababu ya kupapatika.

Baada ya hapo sukuma ukuta na uteleze kama mshale, mikono mbele, uso chini, ukivuma, mita 5. Ongeza teke jepesi. Ukizoea, piga mikono sita bila kuvuta hewa, geuka chali, pumua mara tatu kwa raha, geuka tena kifudifudi, endelea. Kwa njia hii utavuka bwawa zima ukiwa na hewa wakati wote, na ndiyo daraja zuri kuliko yote ninayoyajua kati ya kuelea na kuogelea. Wengine hutabasamu kwa mara ya kwanza wakiwa katika zoezi hili.

Kuvuta hewa kwa ubavu huja mwisho. Usiinue kichwa. Zungusha bega na nyonga pamoja, kichwa kifuate, sikio moja na kioo kimoja cha miwani vibaki majini. Kichwa kinapopasua maji hufanya kibonde kidogo pembeni ya shavu, na mdomo hupata hewa ndani ya kibonde hicho, chini kidogo ya usawa wa maji. Anayeinua kichwa hulikosa bonde, hunywa maji, kisha huinua zaidi safari inayofuata. Ukimeza maji mara mbili mfululizo upande wa kulia, angalia mkono wako wa kushoto: huenda unaukandamiza chini ili ujinyanyue, badala ya kuuacha ulale mbele.

Vifaa: miwani ya kuogelea ni lazima. Ibandike machoni bila mkanda, iachie. Ikishika kwa sekunde mbili tatu, inakufaa. Isiposhika, kukaza mkanda hakutasaidia. Ukungu huondoka ukipaka mate ndani na kusuuza mara moja. Kama una misuko, tafuta kofia ya silikoni ya ukubwa wa nywele nyingi. Boya la kubana mapajani linainua miguu na kukupa fursa ya kusikiliza pumzi peke yake. Litumie kwa theluthi ya kipindi tu, maana linaficha kasoro. Na zile suti nene za mpira unazoziona kwenye video za Ulaya, ambazo huinua miguu zenyewe, zisahau: bahari yetu huwa na nyuzijoto 25 hadi 30, na kanuni za kimataifa haziruhusu washiriki wa kawaida kuzivaa kwa umbali kama wako maji yakizidi nyuzi 22.

Nguo za kujisitiri hazitakuzuia kama ni za kitambaa cha kuogelea na zinakaa karibu na mwili. Kinachozuia ni pamba na upana. Fulana, dera au khanga hunywa maji, huwa nzito, na mikono yake mipana huwa kama tanga lililofunguliwa upande usiofaa. Blauzi ndefu iwe na kitanzi au kifungo cha kuishikiza kwenye suruali, la sivyo itapanda kifuani ukisukuma ukuta. Hewa ikinaswa mgongoni, chuchumaa hadi shingoni na uibane itoke kabla ya kuanza. Na fanyia mazoezi nguo ileile utakayovaa siku yenyewe, tangu wiki ya nne, kwa kuwa kitambaa hubadilisha hisia ya bega. Waandikie waandaaji mapema kuuliza kuhusu vazi hilo ili lisije likazuka ufukweni.

Kuanzia wiki ya 4 hadi ya 7 ndipo mita zianze. Pima bwawa kwanza, kwani mabwawa mengi ya hoteli hayafiki mita 25. Katika la mita 25, mita 750 ni kulivuka mara 30. Katika la mita 15 ni mara 50. Vuka mara moja, pumzika sekunde 30 hadi 45 ukivuma majini, rudia mara 8, na uongeze hadi 12. Kasi iwe ile ambayo ukifika ungeweza kusema sentensi nzima. Wiki ya 8 hadi ya 10, unganisha mita 50, kisha 100, mapumziko yaleyale. Watu wengi hupiga hatua ghafla hapa: wiki nzima mita 50 inakataa, kisha siku moja pumzi inakaa na mita 200 zinapita. Usiogelee siku moja na mazoezi makali ya miguu. Misuli ya mashavu ya miguu iliyochoka na vidole vilivyonyooshwa huleta mkakamao. Ukikupata, geuka chali, vuta vidole kuelekea kwenye goti, subiri.

Bahari iingie wiki ya 10 au 11, na hapa Tanga ina masharti yake. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa mnamo saa 4 asubuhi, na tofauti ya kimo yaweza kuzidi mita 3. Maji mengi kiasi hicho yakihama kwa saa sita huleta mkondo. Nyakati husogea kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, kujaa huangukia asubuhi, karibu na saa 4, na mkondo ni mdogo. Vipindi vyako vinne vya kwanza vipange siku hizo, uingie saa moja kabla maji hayajajaa kabisa, yakiwa bado yanasukuma kuelekea nchi kavu. Usiingie yanapoanza kupwa. Hakikisha kwa jedwali la maji au kwa mvuvi wa hapo, naye atakueleza pia kama kusi, ule upepo wa kusini, imeamka, maana miezi ya kusi bahari hutulia asubuhi na kuchafuka mchana.

Ogelea sambamba na ufukwe, mahali ambapo ukisimama unafika. Usielekee Kisiwa cha Toten hata kionekane karibu namna gani: katikati kuna njia ya vyombo vya bandarini. Kaa mbali na midomo ya mito na mikoko, hasa baada ya mvua. Vaa kofia ya rangi kali na ufunge kiunoni boya la kukokota, ambalo nahodha wa boti ataliona na wewe utalishika ukichoka. Awepo mwogeleaji mzuri pembeni, au mvuvi katika mtumbwi aliyelipwa akusindikize na mwenye jaketi la kuokolea. Ukiingia kwa miguu kwenye mchanga buruta nyayo ili samaki taa akimbie, na vaa viatu vya mpira penye mawe, kwa ajili ya wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Yavuyavu wakionekana wengi, ahirisha.

Bahari haina mstari wa sakafuni, na hilo pekee huwashtua hata walioogelea vizuri bwawani. Simama kifuani, lowesha uso, vuma mara 10, elea chali dakika moja, kisha piga mikono 20 na urudi. Kwa siku ya kwanza imetosha. Kujua uelekeo, chagua kitu kirefu nchi kavu, mnara au mnazi uliojitenga. Kila baada ya mikono 8 inua macho tu, kama mamba, usiinue mdomo, kisha geuza kichwa pembeni kuvuta hewa kama kawaida.

Siku ya mashindano, simama nyuma na pembeni ya kundi. Waache waondoke sekunde 20, utazipata zote kwenye baiskeli. Kanuni za triathloni hazikulazimishi mtindo: unaweza kuogelea kama chura, kugeuka chali, kusimama penye kina kifupi, au kushika boya au chombo kilichosimama upumzike, ilimradi hakikusogezi mbele. Ukihitaji msaada, inua mkono juu. Ukishasaidiwa rasmi, kwa kawaida mashindano yako yameishia hapo, lakini inua mkono bila kusita.

Je, wiki 14 zinatosha? Kwa mwenye mwili wako, mara nyingi ndiyo. Kwa mwenye historia yako, huenda zisitoshe, na ni haki yako kulijua hilo sasa. Kipimo ninachokipa uzito ni kimoja: wiki mbili kabla, uwe umeogelea mita 750 baharini mara mbili, ukisindikizwa, kwa mapumziko yoyote unayotaka, na umetoka ukiwa mtulivu. Ukifika hapo, shindana. Usipofika, ulizia kama kuna timu ya kupokezana ambamo mwingine ataogelea nawe uchukue baiskeli au mbio, au tafuta duathloni, ambayo ni mbio, baiskeli, mbio. Maji uendelee nayo bila tarehe juu ya kichwa chako.

Kabla ya hayo yote, pitia kwa daktari, hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu, kama una shinikizo la damu, pumu, kifafa, tundu katika ngoma ya sikio, umewahi kuzimia ukifanya mazoezi, au ndugu wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana. Sehemu kubwa ya vifo vinavyotokea katika triathloni hutokea majini, na moyo ni mojawapo ya sababu zinazojulikana. Wakati wa mazoezi, maumivu ya kifua, mapigo yasiyo na mpangilio, au kukohoa povu lenye rangi ya waridi huku pumzi ikikataa hata ukiwa umesimama nje, ni dharura. Toka, kaa wima, uende hospitali mara moja. Na yeyote aliyezama akaokolewa kisha anaendelea kukohoa au kuhema, apelekwe pia.

Kuhusu mtoni: moyo kwenda mbio uso unapofunikwa ni jambo linalopungua kwa mazoezi niliyoeleza. Lakini kama unaota ndoto za tukio lile, au picha yake inakujia ukiwa bwawani na mwili unaganda, au baada ya wiki nne bado huwezi kuweka uso majini kwa sekunde tano, zungumza na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili sambamba na mazoezi. Na mtafute mwalimu wa ana kwa ana hata kwa vipindi vinne au vitano, kwa sababu kuna kasoro za kichwa na nyonga ambazo mwogeleaji mwenyewe hawezi kuzihisi. Akikuambia "ruka tu", tafuta mwingine. Anayekufaa ni yule atakayeingia majini pamoja nawe, akasimama mahali unapofika kwa miguu, na akaanza kwa kukuuliza nini kilitokea mtoni.